Kinu cha Bondeni

Rafiki yangu Tukiyem wa huku Java alikuwa anarudi na mzigo wa majani ya mbuzi, mgongo unamuuma, jua likapatwa mchana kweupe na giza likafunika kijiji. Akautua mzigo, akashika mchi. Wanawake walikuwa wanakipiga kinu kitupu, kama desturi yao, ili jitu linaloaminika kulimeza jua liliachie.

"We shoga, unachelewesha mchi kama marehemu dada yako!" mwenzake Warsini alimtania.

"Nimechoka mie, niache."

Jua likarudi. Wakaweka michi chini, wakajifuta jasho.

Mapigo hayakukoma. Yalitoka bondeni, kwenye kitongoji kilichofukiwa na maporomoko mwaka juzi, pamoja na dada yake Tukiyem na majirani wote wa huko. Chini ya udongo kinu kilipigwa, kikapigwa, na mchi mmoja ulikuwa unachelewa.