Ukurasa wa Kumi

Meli kutoka Mwanza ilikuwa imefika Bukoba. Kokushubila alishuka kwa likizo, gauni lake la kitenge cha kijani limekunjamana kwa safari, akijipenyeza kati ya magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi. Akagongana na mtu aliyekuwa akipanda.

"Samahani..." Akainua macho.

Alikuwa Karugendo, mwalimu wa Kamachumu. Walipendana Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Kokushubila akianza digrii ya hisabati na Karugendo akimaliza yake. Shati lake la kaki lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini uso aliukunja.

"Nilipiga simu shuleni kwako mara mbili," Kokushubila alisema. "Karani akasema uko darasani."

"Nilikuwa nimesimama kando yake."

"Waitu!" Kokushubila alimaka kwa Kihaya. "Nimekukosea nini?"

"Unaniuliza? Nilikuandikia barua ya kurasa kumi, yenye hesabu niliyoibuni mwenyewe. Ukanijibu, 'Umekosea ukurasa wa tatu, sikuendelea kusoma.'"

"Kwani uongo? Uligawanya kwa namba inayoweza kuwa sifuri! Hatua moja ikianguka, zinazofuata nizisome za nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo, mwalimu."

Karugendo alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekaribia kulia.

"Koku, hesabu iliishia ukurasa wa tisa."

"Na wa kumi?"

"Nilikuomba tuoane."

 Miezi miwili Kokushubila alilowesha mto wa bweni kwa machozi, akidhani kijana amepata mwingine!

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Mtwara. Niliomba uhamisho, niwe mbali na jibu lako. Sasa nimeshapangiwa shule, Koku. Wanafunzi wananisubiri."

Honi ya meli ililia. Abiria wakawasukuma huku na huku. Kokushubila angeweza kumsihi abaki, lakini asingempenda mwalimu anayewatoroka wanafunzi. Na yeye mwenyewe alibakiza mwaka mmoja chuoni, ambao hakuwa tayari kumpa mtu yeyote. Akamshika mkono, mbele ya watu wote.

"Huko wana walimu wangapi wa hisabati?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi waandikie wazee wako waende Muleba wakamwone baba. Na wewe ukifika Mtwara, mwambie mkuu wa shule kwamba mwakani walimu wa hisabati watakuwa wawili, na nyumba moja itawatosha."