Mizizi ya Silpara

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya theluji tulipopanda, mimi na wifi yangu Sulochana, kuchimba mizizi ya silpara. Mama alikuwa na jiwe kwenye figo, anaugulia maumivu tangu alfajiri, na barabara ya hospitali ilikuwa imefukiwa na maporomoko. Mizizi hiyo ikichemshwa, wanasema, huvunja jiwe. Huota kwenye nyufa za miamba tu. Pabaya kuliko pote.

"Huko juu hatuitani majina," Sulochana alininong'oneza. "Ukinitaka, gonga mundu kwenye mwamba. Anchari wakilijua jina lako, wewe ni wao."

Anchari ni wasichana waliokufa kabla ya kuolewa. Wanatafuta wenzao.

"Wifi, mimi nimesomea mimea chuo kikuu."

"Basi waambie. Labda watakuamkia."

Akazunguka jabali. Ukungu ukashuka.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Mama anateseka, giza linaingia, na mimi nagonga mawe kama mwehu. Uvumilivu ukaniisha.

"Sulochana! Wewe Sulochana!"

"Nipo, wifi."

Sauti ilitoka juu... kwenye ukuta wa mwamba asioupanda hata mbuzi. Ikaja na harufu ya maua mabichi. Na msimu wa maua ulishapita.

Kisha Sulochana akatokea chini yangu, kikapu kimejaa, kiganja mdomoni.

Tukateremka hadi uani kwetu.

"Umeniuza, wifi."

"Ule ulikuwa mwangwi."

"Mwangwi unajibu?"

Nikamnyang'anya kikapu. Nikaingia jikoni kuchemsha mizizi, yeye akabaki nje kufunga ng'ombe. Mama akanywa. Maumivu yakapungua, akanilalia mapajani. Nikashusha pumzi.

Ndipo mtu akaita kutoka nyuma ya zizi.

"Sulochana. Wewe Sulochana."

Kwa kukereka kidogo. Kama mtu aliyechoka kungoja.

Ilikuwa sauti yangu.

Mdomo wangu ulikuwa umefumba.

"Naja, wifi," Sulochana akajibu huko nje, kwa upole, kana kwamba amenisamehe. Bangili zake zikalia, zikishika njia ya mlimani.

Nilikimbilia uani. Ukungu mtupu. Nikamwita arudi, nikaita mpaka koo likakauka.

"Naja, wifi," akajibu.

Kutoka juu zaidi.