Niliyempakia Darajani

Nilikuwa nafagia nywele sakafuni, jua limeanza kulegea, mke wangu akaingia kinyozini kwangu peku. Cherehani yake ilikuwa chumba cha pili, na kila siku alinipigia kelele kupitia ukutani akitaka kitu. Siku hiyo hakupiga kelele. Alisimama tu mlangoni, simu mkononi, bado inaongea peke yake.

"Mama," alisema. "Kaka anasema tukichelewa hatumkuti."

Nilimnyang'anya simu. Shemeji yangu alikuwa akihema kama aliyekimbia. Mama hali tangu juzi, hanywi, na jina analolitaja ni moja tu, la bintiye. "Mlete, shemeji. Ukiweza mlete leo."

Basi la kwenda kwao lilikuwa limeshaondoka, na lingine mpaka kesho. Nilikuwa na pikipiki. Ilikuwa ya kwendea sokoni na kurudi, si ya safari kama ile, lakini ungemwambia nini mtu ambaye mama yake anamwita? Nikafunga duka. Yeye akajitanda mtandio wake wa kijani, akapanda, akanishika kiunoni.

"Mkasi," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu tunachumbiana, kwa ajili ya kazi yangu. "Usiniangushe tu."

Tulikwenda vizuri mpaka lami ikaisha. Baadaye nyumba nazo zikaisha. Tukabaki sisi, vumbi na vichaka, na kila tulipopanda mwinuko niliiomba pikipiki kimoyomoyo kama naomba mtu. Jua lilikuwa linazama tulipoanza kuteremkia daraja dogo, lile la zege lisilo na kingo.

Pah!

Cheni ilikatika, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu likagoma. Tukaburuzika, tukaanguka ubavu. Mimi nilichubuka kiwiko tu. Mke wangu alipojaribu kusimama alipiga ukelele, akakaa chini tena. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka.

Nilipapasa changaraweni hadi nikaipata cheni, lakini kiungo chake kilikuwa kimeruka, hakionekani. Nikajaribu waya. Ukakatika. Nikajaribu tena. Ukakatika tena. Hapakupita gari, wala baiskeli, wala mbuzi. Simu yangu haikuwa na mtandao. Yake ilikuwa na mtandao wa kubahatisha, na chaji ya kuchungulia.

"Nenda katafute msaada," alisema. "Nitakaa hapa, mgongo kwenye kalavati. Mimi si mtoto."

"Siwezi kukuacha hapa."

"Na mimi siwezi kutembea, Mkasi. Mama ananisubiri."

Nikaenda. Nilipogeuka nilimwona amejikunyata, mtandio kichwani, ananipungia mkono. Nilipogeuka mara ya pili giza lilikuwa limeshammeza.

Nilitembea nusu nakimbia, hadi nikaona taa ya chemli. Alikuwa mama mmoja muuza petroli ya chupa, kibanda chake kimejaa vyuma vya marehemu mumewe aliyekuwa fundi. Nilimweleza kwa pumzi fupi fupi. Akainama, akachakura kwenye kopo, akatoa kiungo cha cheni na plaizi yenye kutu.

"Imekukatikia wapi, baba?"

"Pale darajani. Nimemwacha mke wangu."

Mkono wake ukasita.

"Umemwacha mtu pale? Jioni hii?"

"Ameteguka mguu, mama. Ningefanyaje?"

Alichungulia njia niliyotokea. Kisha akanisogelea, akashusha sauti kama vile kuna mtu wa tatu anayetusikiliza.

"Ukifika, subiri akusemeshe yeye kwanza. Asipokusemesha, usimpakie."

Nilitaka kuuliza. Akanisukuma begani. "Kimbia, baba. Kimbia!"

Nilikimbia mpaka mate yakanikauka mdomoni. Njia nzima niliyashika maneno yake, lakini nilipoliona daraja, na kivuli cha mtu pembeni ya pikipiki, yote yalinitoka kichwani. Yupo! Nilikuwa nalia kwa furaha.

"Nimepata! Nimepata kiungo! Tutamkuta mama, utaona!"

Alitikisa kichwa kukubali.

Nilipiga magoti, nikabana tochi ya simu kwa meno, nikaanza kuunga cheni. Yeye alisimama nyuma yangu. Kulikuwa na harufu ya tope, tope la chini kabisa la mto, lile lisilowahi kuona jua. Nikasema moyoni ni mto huo huo. Kiungo kikaingia. Nikapiga kiki. Ikawaka!

Akapanda nyuma yangu, akanishika kiunoni. Mikono ilikuwa ya baridi.

Tulikuwa tumeshapanda kilima cha ng'ambo ndipo nilipokumbuka.

Alikuwa amesimama.

Alikuwa amesimama kwa mguu ule ule ulioteguka... na hakuwa amesema neno.

Simu ikaita.

Huko juu mtandao ulikuwa umerudi. Niliitoa mfukoni kwa mkono mmoja, nikaisukuma ndani ya helmeti, sikioni, kama tufanyavyo waendesha pikipiki wote. Sikuangalia namba.

"Mkasi..." Ilikuwa sauti ya mke wangu. Alikuwa analia kwa kunong'ona. "Mkasi, mbona umeniacha?"

Niliisukuma simu ndani zaidi.

"Uko wapi?"

"Nipo chini ya daraja. Kuna mtu alikuja akiniita kwa sauti yako. Nikajua si wewe, nikajiburuza nikajificha. Halafu nikasikia pikipiki inawaka. Umempakia nani, Mkasi?"

Mikono iliyokuwa kiunoni mwangu ikakaza.

"Unaongea na nani?" iliuliza sauti nyuma ya shingo yangu.

Ni sauti ile ile. Sauti ya mke wangu, mwenye kunipigia kelele kupitia ukutani.

"Usimsikilize," ikasema tena, karibu kabisa. "Yule si mimi."

Sikugeuka. Naapa sikuweza kugeuka. Shingo ilikuwa imekauka kama kuni. Pikipiki ilikuwa inakwenda yenyewe, na mimi juu yake nimebaki gogo. Nikatafuta kitu, kitu chochote ambacho ni mke wangu tu anakijua. Nikakumbuka siku nilipomtoa kwao, mama yake alinivuta pembeni ya mlango, akaninong'oneza. Maneno yale nilimsimulia mke wangu peke yake.

"Mama aliniambia nini," nikauliza, na sikusema namuuliza nani, "siku nilipokutoa kwenu?"

Wakajibu.

Wote wawili. Kwa pamoja. Mmoja sikioni, mmoja mgongoni, neno kwa neno:

"Akilia usimnyamazishe. Atanyamaza mwenyewe."

Nilipiga ukelele. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilipiga ukelele gizani.

"Mguu," nilisema nilipopata pumzi. "Mguu wako unaumaje?"

"Unaniua," ililia simu. "Umevimba, Mkasi, siwezi hata kuugusa."

Nyuma yangu mtu alisogea kitini. Kisha taratibu:

"Siusikii tena. Umekufa ganzi."

Hapo ndipo nilipoamua. Nikapunguza mwendo, nikasimama.

"Shuka kidogo," nilisema. "Cheni inagonga. Nataka kuiangalia."

Alishuka. Alishuka polepole, na nilisikia kiatu kimoja kikiburuta. Alipoacha tu kiti, niligeuza pikipiki, nikavuta mafuta yote. Mwanga wa taa ulimpitia mara moja. Mtandio wa kijani. Uso wa mke wangu, umelowa machozi.

"Mkasi! Mume wangu, usiniache! Nilinuna tu! Uliniacha gizani nikanuna, ndiyo maana sikusema! Mkasi!"

Aliita mpaka mngurumo ukaifunika sauti yake. Sikusimama. Ningesimama vipi?

Darajani nilizima injini. Maji yalikuwa yanapita chini, basi.

"Nipo huku," ikasema sauti. Alinisemesha yeye kwanza. Nakumbuka hivyo. Nataka kukumbuka hivyo.

Alikuwa amekaa chini ya daraja, tope hadi magotini, kichwa wazi. Nilimshika uso kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto, kama wa mtu aliyelia. Nilipombeba alilalamika kwa maumivu ya mguu, na sijawahi kufurahia kilio cha mtu kama nilivyofurahia kile.

"Mtandio wako uko wapi?"

"Sijui. Labda mtoni."

Njia ya kwenda kwao ilikuwa moja tu. Ilitubidi kupita pale pale kilimani. Nilimwambia afumbe macho, nami nikashika usukani kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima.

"Umejuaje niko chini ya daraja?" aliniuliza sikioni.

"Si umenipigia?"

"Nimekupigia na nini? Simu yangu ilizima wewe hujafika hata kwenye kona."

Mbele yetu, katikati ya barabara, kulikuwa na kitu cha kijani. Nikapunguza mwendo. Ulikuwa mtandio, umelala peke yake. Upande wa kushoto majani yalikuwa yamelala, kama mtu amejiburuza kuingia kichakani.

Nikafungua mdomo nimwite. Nimwite nani? Kama niliyembeba ni mke wangu, kule majanini kuna nini? Na kama aliyeko majanini...

"Usisimame," alisema aliyekuwa nyuma yangu. "Mama ananisubiri."

Nikaenda.

Shemeji alitupokea mlangoni na taa. Mama alikuwa hai. Alikuwa amelala kitandani, mdogo kama nguo iliyosahauliwa juu ya shuka, lakini macho yalikuwa wazi. Mke wangu aliingia akichechemea, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Mama, nimekuja. Ni mimi."

Mama alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, juu, chini, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akauvuta mkono wake. Nguvu za kuuvuta alizitoa wapi, sijui. Akanigeukia mimi.

"Mkwe," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama."

"Umemwacha njiani." Chozi moja likamtoka, likaingia sikioni. "Ananiita. Anasema kuna baridi."

Mke wangu aliangua kilio. Shemeji akamkumbatia, akasema ni homa, mama amekuwa akiongea hivyo tangu asubuhi, asitie moyoni. Kila mtu chumbani akasema ni homa. Mimi nilitoka nje.

Mama alifariki kabla hakujapambazuka, amegeukia ukutani. Shemeji akawatuma vijana wa jirani kule kilimani na tochi, kwa sababu nilimng'ang'ania mpaka akakubali. Walirudi mchana. Hawakuona mtu. Hata mtandio hawakuukuta.

Baada ya mazishi tulirudi kwa njia ile ile, mimi na mke wangu. Nilisimama kwenye kibanda cha muuza petroli kumrudishia plaizi yake. Mke wangu alibaki kwenye pikipiki, akasema mguu bado unamsumbua. Yule mama hakumtazama. Alijishughulisha na chupa zake, akizipanga na kuzipangua.

"Pale darajani kuna nini, mama?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanamke. Zamani, mume wangu bado hai, pikipiki ya mtu iliharibika pale kama yako. Akamwacha mkewe, akaenda kutafuta msaada, hakurudi. Wengine wanasema aligongwa mbele huko. Wengine wanasema hakutaka kurudi." Alifuta chupa moja kwa kanga ya kiunoni. "Mwanamke akasubiri. Mvua ikanyesha mlimani, maji yakaja usiku."

"Anaua watu?"

"Hajaua mtu. Anataka kufika nyumbani tu. Nyumbani kwa yeyote."

"Na mimi... nilimpakia, au nilimshusha?"

Hapo akainua macho kwa mara ya kwanza, akatazama nyuma yangu, barabarani, kisha akayarudisha upesi kwenye chupa zake.

"Mimi nauza petroli, baba," alisema. "Plaizi kaa nayo. Usiniletee tena."

"Twende, mume wangu," aliita mke wangu kutoka kwenye pikipiki. "Giza linaingia."

Nilisimama pale nikitafuta mahali pengine pa kwenda. Hapakuwepo. Nikavaa helmeti, nikapiga kiki. Akasogea nyuma yangu, akanishika vizuri, tukaenda nyumbani.