Udi wa Ijumaa na Vibamba vya Sundus

Kila Ijumaa asubuhi Bi Mwanamwema aliwasha chetezo, akazifukiza udi nguo za bintiye, Sundus. Ndivyo alivyofanya Unguja, na hapa Edmonton hakuona sababu ya kuacha. Sundus alizivaa, akapanda basi, akaenda maabara ananukia.

Kazi yake ilikuwa kupima vibamba vidogo vya kaboni iliyochanganywa na plastiki. Vibamba viwili husogezwa karibu sana bila kugusana, kisha mashine husoma vinavutana kwa nguvu gani. Jumatatu hadi Alhamisi vipimo vilikuwa sawa. Ijumaa vilikwenda kombo. Meneja alimpa Ijumaa mbili tu. Mambo yasipotengemaa, kazi hana. Sundus aliogopa.

Jioni alimpitia jirani yao, Bi Ushma, mwalimu mstaafu wa fizikia, mzaliwa wa Mombasa.

"Hamna gundi, hamna sumaku, hewa tumeitoa yote," Sundus alisema. "Vinavutwa na nini?"

"Utupu wenyewe hautulii, mwanangu. Una mawimbi madogo madogo. Katikati ya vibamba nafasi ni finyu, mengi hayaenei. Nje yamejaa tele, basi yanavisukuma vikaribiane. Na ukibadilisha mchanganyiko wa kibamba, nguvu hiyo nayo inabadilika."

"Nafasi yenyewe finyu kiasi gani?"

"Chukua unywele mmoja, upasue mara mia nne. Chembe moja tu ikikaa hapo, vibamba havikaribiani tena." Bi Ushma alinusa. "Huu udi umeuvaa kazini?"

"Manukato marufuku, sipaki hata tone. Lakini udi si manukato, Bi Ushma! Ni usafi wa nguo."

"Ni moshi, Sundus. Na moshi ni chembe."

Sundus alishika kichwa. Sasa kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi. Alimwambia. Bi Mwanamwema alinuna, akakirudisha chetezo kabatini.

Ijumaa iliyofuata Sundus alioga, akavaa nguo zisizofukizwa. Vipimo vikatoka sawa na vya Alhamisi. Ijumaa ya pili, vilevile. Meneja akatia saini mkataba wa kumbakisha kazini.

Jioni hiyo Sundus alimkuta mama mlangoni, chetezo mkononi kinafuka.

"Kazini umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya, njoo nikufukize. Watu wasije wakadhani huna mama."