Kiatu cha Kushoto

Jumatatu jioni kigari kilikuwa na gramu mia moja thelathini na tisa. Jumanne mchana, bila mtu kukigusa, mizani ya jikoni ilisoma mia moja hamsini na tatu. Vénérand aliifuta mizani kwa kitambaa, akapima tena, ikasoma vilevile. Yeye ni fundi wa masofa, ana karakana ndogo Umbilo Road, Durban, na miaka ishirini ya kushika mbao imemfundisha kwamba mbao ikikaa ndani hukauka na kupungua. Hainenepi. Hilo hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza analijua.

"Uliongeza rangi?" alimuuliza bintiye.

"Sijagusa, papa," Iteka akasema. "Iko vile tuliiacha."

Mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa lao. Kila mtoto alipewa kipande cha mbao, magurudumu manne na misumari minne, atengeneze kigari pamoja na mzazi wake, kisha vigari viachiwe kwenye mteremko vishindane. Kisizidi gramu mia moja arobaini na mbili, basi. Palikuwa pia na zawadi ya umbo la ajabu kuliko yote. Watoto wa wenzao walichonga ndizi, mkate, mamba. Iteka, mwenye miaka tisa, alisema anataka kiatu.

Vénérand alicheka. Kicheko kilimkauka alipomwona mtoto anaburuta kiti, anapanda, anashusha mfuko wa plastiki kutoka juu ya kabati la mama yake.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kiatu kimoja kidogo cha bluu, cha mguu wa kulia. Kilikuwa cha Bonheur, mdogo wake Iteka. Noeli ya mwaka juzi Bonheur, akiwa na miaka minne, alikataa katakata kuvua viatu vyake vipya, akaingia navyo majini kule South Beach, na Iteka ndiye aliyekuwa amemshika mkono wimbi lilipokuja. Bahari ilimrudisha baada ya muda wa saa tatu. Alirudi na kiatu kimoja.

"Ya kuume iko," Iteka alisema. "Ya kushoto ndiyo haiko. Tumtengenezee, papa."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Vénérand alikuwa mchelea mwana wa kupigiwa mfano. Walichonga siku nne, yeye na patasi, mtoto na msasa, mpaka kisigino kikatokea, na ulimi, na mahali pa kuingiza mguu. Wakapaka bluu ileile. Iteka alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele na alicheka, na mama yake, Joséphine, alisimama mlangoni na mwiko wa maandazi mkononi akisikiliza. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko karibu miaka miwili. Nani angekizuia?

Sasa kigari kilikuwa kinanenepa. Vénérand alikipindua, akakitoboa chini kwa keekee apunguze uzito. Unga wa mbao ulitoka umelowa. Aliunusa: chumvi, na ule uvundo wa mwani uliooza. Akapima. Mia moja sitini na moja. Alikirudisha dirishani, wala hakumwambia mtu.

Alhamisi ulivuma upepo wa joto kutoka bara, ule unaowafungisha watu wa Durban madirisha saa nane mchana. Joséphine alikuwa anakaanga, Vénérand amerudi mapema. Wakasikia magurudumu kwenye korido, yakienda polepole mpaka mlango wa chumba cha watoto, yakanyamaza, yakarudi. Kisha hatua. Mguu mmoja tu. Tap, kimya, tap, kimya, kama mtoto anayerukaruka kwa mguu wa kushoto.

"Unasikia?" Vénérand alinong'ona.

"Nasikia."

Alimtazama mkewe, na hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu Joséphine hakuogopa. Uso wake ulikuwa umefunguka.

Kesho yake Vénérand alipotoka kazini alikuta viatu viwili vimewekwa sakafuni sambamba, cha mbao na kile cha kweli, kamba imefungwa vizuri. Na mchana ule hatua zilikuwa za miguu miwili.

"Joséphine, umefanya nini?"

"Alikuwa anarukaruka kwa mguu moja, masikini." Alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu. "Sasa anatembea. Na akipita hapo mlangoni ananiita. Ananiita maman."



Wiki ya pili sketi ya shule ya Iteka ilianza kumteleza kiunoni. Alikula kama kawaida, hakukohoa, hakuwa na homa. Vénérand alimpeleka kliniki. Kadi yake ya mwezi uliopita ilisema kilo ishirini na saba. Mizani ikasema ishirini na tatu. Sista akawapa dawa ya minyoo. Nyumbani Vénérand alikwenda moja kwa moja jikoni, akakiweka kile kigari, kipande cha mbao kisichozidi kiganja, na mizani ikasoma kilo moja na nusu na bado inapanda.

Akapiga magoti mbele ya bintiye. "Iteka, nani anakufanya hivi?"

"Anachukua kidogo kidogo tu," mtoto alisema. "Acha achukue, papa. Mi ndiye nilimwachia mkono."

Baba wa watu alilia palepale. Kisha akakitia kigari ndani ya karai, akamwagia mafuta ya taa, akawasha. Moto uliunguza mafuta, mbao ikabaki inatoka jasho, na chumbani Iteka alipiga yowe lililowatoa majirani. Akauzima kwa mikono yake.

Ijumaa mchana alimleta Mama Gracieuse, mama mzee wa Burundi anayeishi Berea, anayeongoza maombi kanisani na anayeitwa pia kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Mama hakukigusa kigari. Alikaa, akavua viatu, akauliza swali moja.

"Mliganduka?"

Hilo kwao Warundi ni kuanua matanga. Mwaka ukipita, watu hukusanyika, hunywa pamoja, husema maneno ya mwisho, na wafiwa huruhusiwa kurudi katika maisha. Siku ile ilipofika, watu walipanda ngazi na vinywaji vyao, na Joséphine hakuwafungulia mlango.

"Nikiganduka nimekubali amekufa," alisema sasa, bila kumtazama mtu.

"Donc mlango yenu iko wazi, mwanangu. Kitu ya baharini imekuta kiatu, imevaa. Na inakula hii mtoto moja iliyobaki."

"Ni mtoto wangu. Ananiita maman."

"Kila kitu inajua kuita maman," Mama Gracieuse alisema kwa huruma. "Mimi nitaomba. Lakini kilio huanza mfiwa, na kukimaliza ni yeye. Chagua kabla ya jua ya kesho kuzama. Mtoto hatafika Jumapili."

Jumamosi asubuhi, wakati watoto wa wenzao wanapanga ndizi zao na mamba wao kwenye mteremko, wanne hao walikaa sakafuni kuzunguka viatu viwili na chupa ya pombe ya mtama ya Kizulu, kwa kuwa ya kwao haipatikani. Iteka alilala mapajani mwa baba yake, mwepesi kama nguo. Mama Gracieuse alianza kuomba, na hatua zikaanza kwenye korido, zikaja, zikarudi, zikaja haraka zaidi, maji yakapenya chini ya mlango yakiwa na mchanga ndani yake, uvundo wa mwani ukajaa mpaka Vénérand akaziba pua ya bintiye kwa kiganja, na sauti ndogo ikawa inalia nyuma ya mlango, maman, kiatu kinanibana, maman, nifungulie, maman, mpaka Joséphine akainuka, akaenda, akaweka mkono kwenye kitasa.

Hakukifungua.

"Wewe si Bonheur," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Bonheur hakuniita maman hata siku moja. Aliniita Zozefi, alikuwa anamwiga baba yake, ulimi ukamshinda. Nilijua, na kiatu nikakuwekea, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya sana." Akapumua. "Mwanangu amekufa. Amekufa South Beach. Mimi naganduka."

Kisha akamgeukia Iteka. "Na wewe hukumwachia. Wimbi lilimchukua. Ningekuambia zamani, lakini nilimkasirikia kila aliyerudi hai."

Nje ya mlango pakanyamaza. Walikunywa wote kutoka chupa moja, hata Iteka alilowesha midomo. Vénérand akapima kigari: gramu mia moja thelathini na tisa. Walishuka South Beach jua likiwa bado juu, na Joséphine mwenyewe ndiye aliyevitupa viatu majini, cha mbao kwanza, halafu cha kweli, na alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

Miezi miwili ikapita. Iteka alirudi kilo ishirini na saba, kisha ishirini na nane. Joséphine alivua kitambaa cheusi cha msiba.

Asubuhi moja ya upepo wa joto alikuwa anapima unga wa maandazi, Iteka mezani na uji wake. Hatua zikaja kwenye korido, taratibu, miguu miwili, zikasimama mlangoni.

"Zozefi."

Iteka aliacha kijiko. Jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu Noeli ya mwaka juzi, ila mara moja tu, na Joséphine mwenyewe, akiwa ameshika kitasa, na kilichokuwa nyuma ya mlango kikimsikia. Safari ile alijua kwamba si Bonheur. Safari hii hakujua, na alielewa kwamba hatajua kamwe.

Kwa mkono wake wenye unga aliukamata mkono wa Iteka juu ya meza, akaubana, na hakuitika. Sauti ilingoja kidogo, kisha ikaita tena, kwa upole.