Pembe ya Karibu na Jiko

Kila alasiri aliporudi shuleni, kazi ya kwanza ya Kibibi ilikuwa kubandika birika. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akawasha jiko, kisha akaegemea kaunta ya mbao iliyokuwa chini ya dirisha la jikoni, akingoja maji yachemke. Jina hilo la Kibibi hakupewa na wazazi wake. Lilikuwa la majirani, kwa kuwa tangu mama yake asafiri alizungumza kama mtu mzima, na hata paka wa watu aliwakemea kwa maneno ya heshima.

Mama alikuwa mji wa mbali, akimuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Alipoondoka alisema hatakawia, lakini mfupa wa mzee hauungi upesi, na safari ya siku chache ikawa ya miezi. Simu ilipigwa, na sauti ilifika. Ila sauti haina harufu ya sabuni, wala haina mkono wa kumnyooshea mtoto kola ya shati. Kibibi alipoiegemea kaunta ile, alisimama palepale alipozoea kusimama mama akikata vitunguu. Mara nyingine alijisogeza kidogo pembeni, kama anayempisha mtu.

Kaunta yenyewe ilikuwa imechoka. Ukingo wa upande wa sinki ulivimba kwa maji, katikati palikuwa na duara jeusi la sufuria iliyowekwa ingali ya moto, na uso mzima ulijaa chale za visu. Pembe ya karibu na jiko ilikuwa mbaya kuliko kwingine kote, kwa sababu mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda hapo, yakafanya utando wa kahawia ulionata kidoleni.

Siku moja mama alipiga simu na habari njema. Bibi alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo, na mama mkubwa angekaa naye kwa juma moja ili mama apate kuja nyumbani, kisha arudi. Kibibi hakulisikia vizuri lile neno la mwisho, au hakutaka kulisikia. Moyoni mwake palizaliwa wazo ambalo hakumwambia mtu: mama akilikuta jiko zuri, zuri kweli, huenda akakosa nguvu ya kuondoka tena. Kwa hiyo alimwomba baba wabadilishe kaunta.

Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akauliza bei ya kaunta ya jiwe, akarudi akicheka peke yake. Alisema kwa bei ile mtu angetarajia kupewa nyumba nzima, na jiwe likatiwa kama nyongeza.

"Jiwe tuwaachie wenye milima," akasema. "Sisi tuna mbao, mwanangu, tena mbao nzuri. Imechafuka tu."

Mwenye duka alikuwa amemweleza jinsi ya kuifanya mpya bila gharama kubwa, na baba akamweleza Kibibi vivyo hivyo. Kwanza mafuta yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mbao isinate. Kisha nyufa zizibwe kwa puti, halafu upigwe msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, mpaka kiganja kipite bila kukwama. Vumbi lifutwe, na hapo ndipo ije rangi, kisha vanishi juu yake. Baba alikuwa na nguo za watu za kumaliza, kwa hiyo waligawana: kuosha na kupiga msasa kwake Kibibi, kuziba na kupaka rangi kwake yeye.

Kibibi aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alikunja mikono ya gauni, akafunga kitambaa puani, akasugua mpaka vumbi likamgeuza nyusi kuwa nyeupe. Rafiki yake, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuja kila siku akaketi kizingitini, akamsaidia kwa mdomo.

"Mwenzangu," akasema, "ukimaliza hiyo, unipige msasa na haya magoti yangu. Yanahitaji kuliko hiyo mbao."

Kibibi alicheka, lakini hakuacha kusugua. Duara jeusi lilififia likatoweka. Chale za visu zikapungua. Kila alipopitisha kiganja akakuta ulaini, alimwona mama naye akipitisha chake.

Ikabaki ile pembe ya karibu na jiko. Aliiosha mara moja, ikanata. Aliipiga msasa, na msasa ukaziba kwa mafuta, ukawa unateleza bila kukwaruza kitu. Ilihitaji maji mengine ya moto, na mengine tena baada ya hayo. Mikono ilikuwa ikimuuma, na nje wasichana walikuwa wakiruka kamba, na Chiriku alikuwa amekwisha kusimama ili awafuate. Kibibi aliitazama pembe ile. Ilikuwa ndogo, na birika lingekaa karibu yake likaificha. Akaipitishia msasa kwenda na kurudi, kama mtu anayetoa salamu akiwa njiani, akaenda zake.

Jioni baba alikuja, akapapasa kaunta, akaridhika. Alipokuwa akikoroga rangi aliuliza, "Na pembe ile ya jiko umeipiga msasa?"

"Nimeipiga, baba."

Ulimi wake haukuteleza. Msasa aliupiga kweli, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Lakini alijua baba aliuliza nini, na alijua amejibu nini, na kati ya viwili hivyo palikuwa na nafasi iliyomtosha mtu kujificha. Baba hakuuliza zaidi. Alichovya brashi akaanza kupaka, pembe ile pamoja na kwingine.

Rangi ilikuwa ya maziwa. Ilipokauka na kupakwa vanishi, jiko likang'aa kana kwamba dirisha limepanuliwa. Kibibi alisimama mlangoni akalitazama, akahesabu siku zilizobaki mama afike.

Siku moja kabla ya mama kufika, alibandika birika, na mvuke ukapiga pembe ile. Rangi ikafura malengelenge, ikainuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Alipoigusa ilimbandukia kidoleni, na chini yake ukaonekana utando wa kahawia, unaonata kama zamani. Baba alikuwa dukani kwake. Kibibi alichukua sinia la vikombe akapafunika nalo, akalisogeza hata likakaa sawa.

Chiriku alimwona, akamtuliza. "Usiwe na wasiwasi. Mama yako anakuja kula na kulala, si mkaguzi."

Mama alifika mchana, amekonda kidogo, mkoba begani. Alimkumbatia Kibibi kwa muda mrefu. Alipoingia jikoni alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Nani kaifanya kazi hii?"

"Mwanao," baba akajibu. "Mimi nilishika brashi tu."

Mama aliikaribia kaunta taratibu. Akaweka kiganja upande wa sinki, akakipitisha, akitabasamu, na kiganja kikawa kinaelekea kwenye sinia. Kibibi aliruka akasimama katikati. Alimwambia mama amechoka na safari, aketi, chai ataitengeneza yeye. Mama akaketi. Baadaye aliinuka akate vitunguu, na Kibibi akamnyang'anya kisu kwa adabu. Alipotaka kuosha vikombe, Kibibi aliwahi kulikamata sinia kabla yake. Mpaka jioni ilikuwa hivyo: mama akiinuka, mtoto akimrudisha kitini.

Mwishowe mama alikunja mikono mapajani, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Basi nimekuwa mgeni," akasema. "Nilipokuwa mbali nilikuwa naota nimesimama hapo. Sasa nimefika, na nafasi yangu imeshachukuliwa."

Maneno hayo yalimchoma Kibibi mahali pasipofikiwa na fimbo. Kwa miezi yote alikuwa amemngoja mtu asimame pale, na mtu huyo amekuja, naye ndiye anayemzuia. Aliiendea pembe ile. Akalinyanyua sinia kwa mikono miwili, akalishikilia kifuani, akasogea ili wote waione pembe iliyobanduka.

Baba aliinama akaitazama. "Nilikuuliza," akasema polepole.

"Nilisema nimeipiga," Kibibi akajibu, na machozi yakamtangulia. "Niliipiga mara mbili tu, baba. Nilijua unauliza kama imekwisha, nikajibu kama imeguswa."

Hakupigwa wala hakufokewa. Baba alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Mwanangu, nikimshonea mtu nguo, mshono wa ndani hauoni. Hunilipa kwa kuniamini. Wewe ulinipa neno la kweli ili niamini jambo lisilo la kweli. Huo ni uongo, hata ukivikwa nguo safi. Mwenyezi Mungu hatupimi kwa maneno peke yake; hutupima kwa tulichokusudia neno hilo lifanye."

Asubuhi yake mama alichemsha maji mengi, akajifunga kanga, akamkabidhi Kibibi kitambaa kimoja na yeye akachukua kingine. Walibandua rangi ile, wakaosha, wakakausha, wakaosha tena, mpaka mbao ikaacha kunata. Kisha wakapiga msasa kwa zamu, bega kwa bega, na walipokuwa wakisugua Kibibi alimweleza lile wazo lake: kwamba jiko likipendeza, mama hataondoka. Mama alisimamisha mkono.

"Hakuna kaunta itakayonizuia, mama," akasema, akimwita kama akina mama wawaitavyo binti zao. "Bibi yako bado ananihitaji. Akiweza kusafiri nitakuja naye, tukae sote. Na si kaunta iliyonileta hapa."

Baba alipaka rangi, ikashika. Birika lilichemka karibu yake siku zote zilizobaki, na pembe ile haikufura.

Juma lilikwisha, mama akafunga mkoba wake. Kituoni, kabla ya kupanda basi, alimshika Kibibi mabega.

"Siku ile nilikaa kitini nikajiona mgeni nyumbani kwangu," akamwambia. "Ulipolinyanyua sinia ndipo nilipofika. Mtu akificha jambo, humfungia nje hata yule anayempenda. Kwa hiyo sema kweli, tena yote, hata ikikuaibisha. Aibu hupita upesi, nasi tukabaki pamoja."

Basi liliondoka. Kibibi alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na baba hakumnyamazisha.