Mtetemeko Uliokosa Kiti

Vikombe ndivyo vilivyoanza. Kinyozi alikuwa ameketi sebuleni, mikono yake imetulia mapajani, na kabatini vikombe vikagongana, ti-ti-ti, bila kuguswa na mtu.

"Panya hao," alisema.

Mkewe aligeukia kabati. Mdundo ule aliujua. Miaka yote ya ugonjwa ndio uliotikisa kitanda chao, ndio uliomnyang'anya mumewe wembe na wateja, maana nani atamkabidhi shingo kinyozi anayetetemeka? Madaktari walisema seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouongoza mwendo wa mwili, zimekufa. Wakaotesha mpya kutoka kwenye ngozi yake mwenyewe, wakazipandikiza kichwani kama miche, na miezi ilipopita mkono ukatulia. Siku aliyomnyoa mteja wa kwanza bila mkwaruzo, mkewe alilia kwa furaha mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Sasa mtetemeko ulikuwa umo nyumbani, hauna pa kukaa. Ulihama kabatini ukaingia kwenye mfuniko wa sufuria, ukahamia vioo vya dirisha, na kila ulipopita uliacha harufu ya jasho la ugonjwa, harufu ya zile shuka alizokuwa akizifua kila kukicha, ukasogea, ukasogea, mpaka mchana mmoja ukamfikia mjukuu wao mchanga aliyeletwa kushinda nao, na kidole chake kikaanza: ti-ti-ti.

Mume akiwa kazini, mke alimwita mganga. Mganga akafukiza, akasikiliza, kisha akanong'ona:

"Ni jini. Hizo seli mpya zimemfukuza kwa mumeo. Haondoki bila kiti, mwili wa kukalia. Na anasema humu kuna mtu alishamkaribisha."

"Nani?"

"Unamjua, mama."

Alimjua. Siku ile mumewe aliposhindwa kufikisha kijiko mdomoni akalia kama mtoto, yeye mkewe aliushika ule mkono, akaubusu, akanong'ona: "Mwache huyu. Njoo kwangu." Yalikuwa maneno ya mapenzi tu. Nani angedhani yana msikilizaji mwingine?

"Mweleze mumeo kwanza," mganga alisema.

"Akijua atamwita arudi kwake. Namjua yule."

Akakishika kidole cha mtoto kiganjani. Aliogopa mno, lakini ahadi ni deni. "Haya, njoo," alisema. Baridi ikampanda hadi begani. Mtoto akatulia, akalala.

Jioni Kinyozi alirudi akipiga mluzi. Mkewe akamletea chai, na kikombe kikagonga kisahani, ti-ti-ti.

"Aa, mke wangu! Uzee umeanza kubisha hodi?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akachukua kijiko, akamnywesha taratibu, hata tone halikumwagika. "Umenilisha miaka. Leo zamu yangu."

Kisha akaushika mkono wake unaotetemeka, akauinamia, akaubusu.

"Mwache huyu," aliunong'oneza. "Njoo..."

Mkewe aliinua mkono wa pili amzibe mdomo. Ulitetemeka mno, haukufika.